Kuunga Si Kugandisha

Nyafuru alinijia Makoroboi na flashi ndani ya leso,
imepigwa fundo kama nauli ya meli.
Faili tatu, alisema. Mbili za kamera, moja ya simu ya binamu.
Harusi yake, Nansio, mwaka juzi.
Baba yake, mzee Majura, anatoa wosia,
na kamera ikaishiwa betri katikati ya neno.

Sekunde arobaini. Huo ndio muda mpiga picha
alihangaika na mkoba wake.
Sekunde arobaini ambazo simu ya binamu, kwa bahati,
ilikuwa hewani, imesimama wima, inatetemeka.

Fundi mmoja wa Igoma alishaziunga,
dakika moja, elfu tatu, asante karibu tena.
Nikaicheza.
Mzee anasema, "Mwanangu, nyumba..." kisha anaganda,
mdomo wazi, kijiko hewani,
sauti inakwenda bila yeye.
Akizinduka, midomo imetangulia, maneno yanamfuata kwa mbali.
"Mama aliuliza," Nyafuru akasema, "kwani marehemu anadanganya?"

Sikucheka. Nilivuta kiti.

Kuunga na kuungaunga, dada, ni vitu viwili.
Kamera ya harusi inahesabu picha ishirini na tano
kila sekunde, haikosei.
Simu ya binamu haina hesabu:
penye mwanga thelathini, jua likizama ishirini na mbili,
inakula kadiri inavyopata.
Sauti nazo, hii imepimwa kwa kipimo chake, ile kwa chake.
Ukizibandika hivyo hivyo, mashine inasoma jina la ya kwanza
na kudhani zote ni za ukoo mmoja.

Na kuna jambo sikumwambia,
maana alikuwa bado amevaa nyeusi:
katika video si kila picha ni kamili.
Moja inakuja nzima, na nyuma yake kundi
la picha zisemazo tu, mimi ni kama aliyenitangulia,
ila mkono umesogea, ila jicho limefumba.
Ukikata mbele ya hizo,
zinabaki zinafuata asiyekuwepo.

Basi usiku nikazifumua zote tatu.
Hesabu moja, ishirini na tano.
Kipimo kimoja cha sauti. Umbo moja,
ile ya wima nikaiwekea kiza pembeni,
sikuinyoosha, nisije nikamnenepesha marehemu.
Saa sita na nusu, asilimia themanini na saba,
umeme ukaenda na mtaa mzima.
Nikakaa gizani nasikia mbwa wa Mabatini,
na taa chache tu ng'ambo, Capri Point, wenye jenereta.
Nikaanza upya saa nane.

Mshono wa kwanza niliutafuta kwa masikio.
Sikukata penye neno. Nilikata pale mzee anapovuta pumzi
kabla ya kusema "nyumba".
Pumzi haina silabi, haimdai mtu midomo.

Asubuhi Nyafuru akatazama amesimama,
mkoba begani, meli haisubiri.
Ikapita. Akauliza, "Umeunga wapi?"
Dakika ya kumi na mbili, nikamwambia, umeshapita.
Akalipa elfu kumi na tano, hakuomba kupunguziwa.

Alipiga simu Jumapili.
Inacheza, alisema, hata kwenye ile runinga ya zamani
yenye kofi ubavuni.
Ila mama harudii wosia.
Anarudisha nyuma kila mara kwenye ile ya simu,
ile ya kutetemeka, yenye kiza pembeni,
kwa sababu kamera kubwa ilimpiga mzee peke yake,
na binamu, aliyekaa vibaya, nyuma ya sufuria,
alimpata na mama pia:
mkono wake unaondoa mwiba wa sato
kwenye sahani ya mumewe,
naye anaendelea kuhutubia,
hajaona.